Matuta ya mawe ya Rwenzori: tunajuaje kwamba ni kazi ya barafu, na kwamba ilisonga mara ngapi?

Mwalimu wa Bwera aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari wilayani Kasese, na kila mwaka nikifika kwenye mada ya barafu za milimani, maswali ya wanafunzi huzidi kitabu. Kitabu kinaeleza kwamba zamani barafu ya Rwenzori ilishuka chini sana kuliko ilivyo leo, kinataja moreni (matuta ya mawe na udongo yaliyoachwa na barafu), mabonde yenye umbo la U na maziwa ya milimani, kisha kinahamia mada nyingine. Sasa nina wanafunzi wanaotoka Kilembe. Wazazi wao waliuona mto Nyamwamba ulivyofurika Mei 2013, na wao wenyewe waliyaona mafuriko ya Mei 2020, mto ulipoteremsha mawe yanayomzidi mtu kimo na kuyaacha katikati ya makazi. Mmoja wao aliniuliza hivi: "Mwalimu, kama maji yanaweza kuleta mawe haya kwa usiku mmoja, kwa nini tuamini kwamba yale yaliyoko juu mlimani yaliletwa na barafu?"

Sikutaka kumjibu kwamba wataalamu wamesema, basi. Naomba mnieleze kwanza kifusi cha barafu hutofautishwaje na kifusi cha mafuriko au cha maporomoko ya ardhi, kisha wataalamu hujuaje kwamba barafu ilisonga mbele mara kadhaa na si mara moja tu, na miaka inayotajwa hupatikana kwa njia gani. Nitashukuru zaidi kwa maelezo yenye mifano ya hapa kwetu Uganda.

Mjiolojia wa Mbarara alijibu:

Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa jambo ambalo wanajiolojia wenyewe wamelibishania kwa muda mrefu sana. Mtiririko wa tope na mawe huacha kifusi kinachofanana mno na kile cha barafu, kwa kuwa vyote viwili ni mchanganyiko wa mawe makubwa, kokoto, mchanga na udongo laini usio na matabaka. Kwa hiyo mchanganyiko peke yake hauthibitishi kitu, na anayetamka "barafu" kwa kuona mawe makubwa tu amefanya haraka.

Anza na jiwe moja mkononi. Jiwe linalosafiri chini ya barafu hushikwa na barafu huku likisuguliwa juu ya mwamba, hivyo upande wake mmoja husawazika kama uso wa pasi na kingo zake hulainika bila jiwe zima kuviringika. Juu ya uso huo bapa utaona mikwaruzo myembamba inayokwenda karibu sambamba, na pengine mikwaruzo mingine inayoikata ile ya kwanza, kwa sababu jiwe liligeuka njiani kisha likaendelea kusuguliwa. Jiwe la mto hugongwa pande zote likawa duara, na jiwe la mporomoko hubaki na kingo kali kama lilivyovunjika. Usitarajie mikwaruzo kwenye kila jiwe, kwani shisti, mwamba unaopasuka kwa matabaka, huwa na mipasuko yake ya asili inayoweza kukudanganya. Tafuta mawe magumu yenye chembe ndogo.

Baada ya jiwe, chunguza udongo unaoyashikilia mawe hayo. Barafu husaga mwamba mbichi ukawa unga, na unga huo kwa kawaida huwa wa kijivu, umeshindiliwa kwa uzito, na chembe zake bado ni madini ya mwamba ambayo hayajaoza. Mafuriko ya Nyamwamba hukokota pia udongo wa miteremko ambao umeoza kwa joto na mvua ya maelfu ya miaka, pamoja na magogo na mizizi. Tofauti hiyo mwanafunzi anaweza kuiona kwa macho akichimba kidogo, maana uso wa nje wa kifusi chochote hubadilika rangi.

Halafu kuna umbo la nchi, na hapa Rwenzori inatusaidia sana. Mto hujenga kwenye sakafu ya bonde na mdomoni mwake. Barafu hujenga pia ubavuni: moreni ya pembeni ni tuta refu linalofuata ukuta wa bonde likiwa juu sana ya mto wa sasa, likishuka taratibu hadi linapopinda kuelekea katikati, mahali ncha ya barafu iliposimama. Hakuna furiko linaloweza kujenga tuta la namna hiyo.

Sasa zingatia kimo. Katika bonde la Mubuku alama za barafu zinashuka hadi takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kilembe iko chini zaidi ya hapo, na mji wa Kasese chini zaidi tena. Mwambie mwanafunzi wako kwamba kuhusu mawe ya Kilembe yuko sahihi kabisa, yaliletwa na maji. Ila maji hayo huenda yaliyaokota baadhi yake kwenye kifusi ambacho barafu ilikiacha juu, kwa hiyo jiwe moja linaweza kuwa na safari mbili, nawe ukalisoma vibaya kama hukuuliza limelala wapi.

Kuhusu swali la mara ngapi, jina la kulijua ni Henry Osmaston, aliyekuwa afisa misitu nchini Uganda, ambaye aliyachunguza matuta haya na kuyaandikia tasnifu ya udaktari huko Oxford mwaka 1965. Aliyapanga kwa hatua, kuanzia ya zamani hadi ya karibuni: Katabarua, Rwimi Basin, Mahoma Lake, Omurubaho na Lac Gris. Kigezo chake kikubwa kilikuwa mpangilio na uchakavu. Tuta lililo ndani ya lingine, yaani juu zaidi bondeni, ni jipya kuliko lile la nje. Tuta ambalo mgongo wake bado umechongoka na mawe yake bado ni magumu ni jipya kuliko lile lililosawazika na mawe yake kuoza hadi yanavunjika kwa nyundo.

Lakini nakuomba uwasisitizie wanafunzi jambo moja, ambalo kwangu ndilo kiini cha somo zima. Barafu inaposonga mbele hufuta ilichokiandika yenyewe. Ikiwa barafu ilifika mahali fulani miaka 60,000 iliyopita, kisha ikafika mbali zaidi miaka 25,000 iliyopita, tuta la kwanza lilibomolewa likawa malighafi ya tuta la pili. Yanayosalimika ni matuta ya safari zilizokuwa fupi kuliko zilizozitangulia. Kwa hiyo hatua tano za Osmaston ni idadi ya chini. Jambo hilohilo lilitokea Ulaya: mwaka 1909 wataalamu Penck na Brückner walihesabu zama nne za barafu katika milima ya Alps kutokana na mashapo ya mabonde, na wengi wakaukubali mpango huo kwa miongo kadhaa, hadi mashapo ya sakafu ya bahari, ambayo hujikusanya bila kufutwa, yalipoonyesha kwamba dunia imepita katika vipindi vingi zaidi vya baridi.

Mwongozaji wa Ibanda alijibu:

Mwalimu, mimi kazi yangu ni kupandisha wageni mlimani, na nimewasikiliza watafiti wengi kambini. Naongeza machache kuhusu mahali pa kuyaona haya.

Kambi ya Nyabitaba, kwenye mita 2,650 hivi, imejengwa juu ya tuta lenyewe. Wageni wengi hulala pale usiku mzima wasijue kwamba wamelala juu ya moreni. Ukitoka kambini kuelekea daraja la Kurt Shafer unateremka mteremko mkali kwa muda, na mteremko huo ni ubavu wa ndani wa tuta. Mito ya Bujuku na Mubuku inakutana huko chini. Sehemu ambazo mvua imeikata njia utaona mawe ya kila saizi yamekwama kwenye udongo wa kijivu, kubwa limelala juu ya dogo na dogo juu ya kubwa, hakuna mpangilio. Ukilichomoa jiwe moja, shimo lake hubaki na umbo lake kamili, kwa jinsi udongo ulivyoshindiliwa. Kifusi cha mto hakiko hivyo, kwani ukichomoa jiwe mchanga unamwagika.

Njia ya Ziwa Mahoma inazunguka matuta hayo hayo na haihitaji kupanda hadi kwenye theluji, kwa hiyo vijana wenye afya wanaiweza. Tafadhali zingatia kwamba ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuondoka na mawe bila kibali.

Mkaazi wa Hoima alijibu:

Nawasalimu wote. Mwalimu ameomba mifano ya Uganda, na wengi wetu tukisikia barafu tunaikumbuka Rwenzori peke yake. Sisi huku Bunyoro tuna ushahidi wa barafu ambao kwa umri unaifanya barafu ya Rwenzori kuwa ya jana. Kuna konglomerati, yaani miamba iliyoundwa kwa mawe yaliyogandamana, za kundi la miamba liitwalo Bunyoro, ambazo zimeelezwa kuwa za barafu tangu miaka ya 1930, na mwaka 1973 mtaalamu wa Norway, Bjørlykke, alizichunguza tena akaandika juu yake kama konglomerati za barafu za mwishoni mwa enzi ya Prekambri. Tunazungumzia mamia ya mamilioni ya miaka, kabla hapajakuwa na mnyama wala mmea wowote juu ya nchi kavu.

Nalitaja kwa sababu linafaa swali la mwanafunzi. Huku hakuna tuta wala bonde la U la kutusaidia. Umbo lote la nchi ya wakati ule limeshatoweka, na kilichobaki ni mwamba mgumu wenye mawe mageni ndani yake. Njia ya kuusoma ni tofauti. Kitu kinachotafutwa zaidi katika miamba ya aina hii ni tabaka jembamba la tope lililotuama majini, ambalo limebonyea chini ya jiwe kubwa moja, na matabaka yaliyofuata yamelifunika jiwe hilo kwa kulizunguka. Maji yaliyotulia kiasi cha kutuamisha tope laini hayana nguvu ya kulikokota jiwe kubwa. Jiwe lilidondoka kutoka juu, na katika maji yasiyo na miti ya kuelea, kilicholibeba ni kipande cha barafu kilichoyeyuka.

Swali langu kwa Mjiolojia ni hili: je, mwamba wa namna hiyo unaweza kutuambia barafu ilielekea upande gani, au unasema tu kwamba barafu ilikuwepo?

Mjiolojia wa Mbarara alijibu:

Ndugu wa Hoima, asante kwa kutukumbusha Bunyoro, kwa maana hizo ni alama za ngao kubwa za barafu zilizofunika nchi tambarare, si ulimi wa barafu ulioteremka kutoka kwenye kilele. Katika enzi ya Kriojeni, kati ya miaka takriban milioni 720 na milioni 635 iliyopita, dunia ilipata vipindi viwili vikubwa vya barafu, na usumaku uliohifadhiwa katika baadhi ya miamba ya wakati huo, hasa kule Australia, unaonyesha kwamba barafu ilifika usawa wa bahari karibu na ikweta.

Mwelekeo unapatikana, ila si kwa jiwe lililodondoka majini, kwa sababu kipande cha barafu kinachoelea hupelekwa na upepo na mikondo. Ushahidi bora ni mwamba wa chini wenye mikwaruzo, uliofunikwa mara moja na kifusi cha barafu. Mfano maarufu uko Nooitgedacht karibu na Kimberley, Afrika Kusini, ambako barafu ya bara la kale la Gondwana ya miaka takriban milioni 300 iliyopita iliuchubua mwamba, na mikwaruzo inaonekana hadi leo. Mikwaruzo peke yake hukupa mstari wenye ncha mbili, kwa hiyo lazima kitu kingine kiamue: kifundo cha mwamba kilicholainishwa upande barafu ilikotoka na kung'olewa vipande upande ilikoelekea, au jiwe geni ambalo mwamba wake wa asili unajulikana uliko.

Njia ya pili ni kupima mlalo wa mawe ndani ya kifusi. Barafu inapoburuza kifusi, mawe marefu hugeuka yakalala sambamba na mwendo, mengi yakiinamia upande barafu ilikotoka. Ukikuta kifusi chenye mlalo mmoja, juu yake tabaka la udongo wa ziwa au mboji, na juu yake tena kifusi chenye mlalo tofauti na mawe ya asili tofauti, hapo una hoja nzito kwamba barafu ilikuja, ikaondoka, ikarudi kwa njia nyingine. Lile tabaka la katikati ndilo linaloamua. Bila hilo, vifusi viwili vinaweza kuwa vya safari moja tu ambayo barafu yake ilibadili mkondo.

Mwalimu wa Bwera aliandika:

Nashukuru sana, ndugu zangu. Limebaki suala la miaka. Nimesoma mahali kwamba tope la Ziwa Mahoma lina umri wa miaka 14,700 hivi, na mahali pengine kwamba tuta linalolizunguka lina zaidi ya miaka 20,000. Wanafunzi wakiona tarakimu mbili kwa mahali pamoja watasema mmojawapo amekosea.

Mjiolojia wa Mbarara alijibu:

Hakuna aliyekosea, Mwalimu, kwa kuwa tarakimu hizo zinapima matukio mawili tofauti, tena kwa saa mbili tofauti.

Ile ya kwanza ni kazi ya Daniel Livingstone, mtafiti wa mashapo ya maziwa, iliyochapishwa mwaka 1962. Alitoboa mashapo ya Ziwa Mahoma hadi chini na kupima kaboni 14, aina ya kaboni inayopungua kwa kasi inayojulikana baada ya kiumbe kufa, katika mabaki ya viumbe yaliyokuwa kwenye tope la chini kabisa. Miaka ya kaboni hailingani moja kwa moja na miaka ya kalenda. Ikirekebishwa, ile 14,700 inakaribia miaka 18,000. Na hata hiyo ni ya tope la kwanza lenye uhai. Ziwa haliwezi kujaa tope kabla barafu haijaondoka, na mimea hairudi siku ile ile. Tarakimu hiyo inakuambia tu kwamba kufikia wakati huo barafu ilikuwa imekwisha kuondoka pale.

Ya pili inapima mawe ya tuta lenyewe. Mionzi kutoka anga za mbali hupiga uso wa jiwe mfululizo, na ndani ya madini ya kwatzi huzalisha atomu za berili 10, aina adimu ya elementi ya berili, chache mno, takriban 4 kwa mwaka katika kila gramu kwenye usawa wa bahari katika latitudo za juu, na zaidi ya hapo kadiri unavyopanda mlima. Jiwe likiwa ndani ya barafu au chini ya kifusi hukingwa. Barafu ikiliacha juu ya tuta, saa inaanza kuhesabu. Tuna bahati kwamba Rwenzori ni naisi, shisti na kwatsaiti, miamba yenye kwatzi, wakati milima ya Elgon, Kenya na Kilimanjaro ni ya volkano na kwatzi huko ni adimu, hivyo watafiti hulazimika kutumia isotopu (aina za atomu) nyingine kama klorini 36. Vipimo vya Meredith Kelly na wenzake, vilivyochapishwa mwaka 2014, pamoja na vya Margaret Jackson na wenzake vya mwaka 2019, vinaonyesha kwamba barafu ya Rwenzori ilikuwa imetanuka sana kati ya miaka takriban 25,000 na 20,000 iliyopita, na kwamba ilianza kurudi nyuma karibu miaka 20,000 iliyopita.

Zingatia kwamba berili nayo inapima siku jiwe lilipoachwa. Safari ya kushuka, ambayo huenda ilichukua karne nyingi, haina tarehe ndani ya tuta hilo. Pia jiwe moja halitoshi: likiwa limebingirika baadaye au limefunikwa na udongo litaonekana changa kuliko lilivyo, na likiwa lilikaa juani kwenye ukuta wa mlima kabla ya kubebwa litaonekana kongwe. Ndiyo maana hupimwa mawe kadhaa ya tuta moja na kutazamwa kama yanakubaliana.

Mtafiti wa maziwa, Jinja, alijibu:

Naomba niongeze kipande kimoja, kwa sababu hatari iliyopo ni kwamba wanafunzi wataona tuta kubwa na kudhani theluji ilikuwa nyingi. Mto wa barafu unaweza kukua kwa theluji kuongezeka au kwa baridi kuongezeka, na tuta halisemi ni lipi kati ya hayo. Hapa maziwa yetu yanatoa ushahidi ambao mlima hauna. Mashapo ya Ziwa Viktoria yana tabaka la udongo mkavu linaloonyesha kwamba ziwa lote lilikauka kabla ya kujaa tena karibu miaka 15,000 iliyopita, na Ziwa Albert nalo lilishuka sana katika kipindi cha mwisho wa baridi ile. Vilevile kemikali za viumbe wadogo katika mashapo ya Tanganyika zinaonyesha maji yaliyokuwa baridi kwa takriban nyuzi 4 za Selsiasi kuliko ya baadaye. Mvua ilikuwa imepungua, na hata hivyo barafu ilikuwa imetanuka. Basi kilichoisukuma ni baridi.

Hoja hii inafaa pia kwa nyakati zetu. Msafara wa Mtawala wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, ulipopanda mwaka 1906, barafu ilikuwa kwenye milima sita ya Rwenzori, ikiwa na eneo la takriban kilomita za mraba 6.5, lakini mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Mashapo ya maziwa yaliyo chini ya barafu hizo yanaonyesha kwamba kurudi nyuma kulianza karibu mwaka 1870, na matuta madogo ya hatua ya Lac Gris ndiyo mpaka wa mwisho kabla ya hapo.

Mwalimu wa Bwera aliandika:

Nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimepanga kuomba kibali niwapeleke kidato cha tano Nyabitaba muhula ujao. Je, kuna kipimo wanachoweza kukifanya wenyewe bila maabara na bila kuondoka na jiwe?

Mjiolojia wa Mbarara alijibu:

Kipo, Mwalimu, nacho ni kile cha mlalo wa mawe. Wachague sehemu ambako njia tayari imelikata tuta, wasichimbe mapya, na wasitumie kifusi cha juu kilichoteleza na mvua. Wapime mawe 50 ambayo urefu wake unazidi upana angalau mara moja na nusu, wakiandika kwa dira kila jiwe limelala kuelekea wapi na limeinama kwa nyuzi ngapi. Kisha wafanye hivyo hivyo kwenye kifusi cha Nyamwamba huko Kilembe, nje ya hifadhi, wachore michoro miwili ya duara inayoonyesha mawe mangapi yameelekea kila upande na kuilinganisha. Wakumbuke kushika dira mbali na nyundo na simu. Na wakati wa kupima, kila kikundi kiandike pia ni mawe mangapi kati ya 50 yana uso bapa, mangapi yana mikwaruzo, na mangapi ni duara, maana mlalo peke yake unaweza kufanana katika vifusi vyote viwili, lakini mlalo na umbo la mawe vikiwekwa pamoja ni nadra kufanana.